Gesi ya Mlango Mmoja

Mpango ulitandazwa Jumapili mchana, chumba cha nyuma cha gereji, mlango ukiwa na komeo. Mji wenyewe ulikuwa mezani, umegandishwa juu ya ubao: minara ya vichujio vya mafuta, kuta za makopo yaliyokatwa, mabomba ya plagi zilizokufa. Mji wa dizeli na majini. Watu wanne waliuzunguka. Kiti cha tano kilikaliwa na betri ya lori.

"Ngome hii hapa," alisema Nyundo, mwenye gereji, akiigusa kwa bisibisi. "Ndani kuna injini yenye jini. Linakunywa dizeli, linatema umeme. Tukilitoa, mji mzima unatupigia magoti. Mimi navunja geti. Tairi analeta lori ukutani. Cheche anashuka chini, anachoma mlango wa kushoto. Mnanisikia?"

"Mpaka jirani kakusikia, bosi," alisema Tairi, dereva wa malori mezani na nje ya meza.

Ulikuwa mchezo, ndiyo: dadu, mdomo na karatasi moja kwa kila mhusika. Lakini kwa miaka mitatu hakuna aliyeucheza kwa utani. Sheria zilikuwa mbili. Kilichosemwa kimetendwa. Na mwenye mhusika aliye hai na huru ana kiti; aliyekufa au kufungwa hukaa nje mpaka waliobaki wamkubali upya. Mwamuzi alikuwa Mwalimu, mama wa chekechea. Siku za kazi huimbisha watoto. Jumapili huua watu bila kupepesa jicho.

Cheche, fundi wa kuchomelea, alikuwa akiitazama ile betri.

Kiti kilikuwa cha dada yake. Kila kopo la mji huo lilikatwa na dada kwa mkono wake. Kisha akafungasha virago, akaiacha ndoa yake na Nyundo, na Jumapili iliyofuata akaja kucheza kama kawaida. Mhusika wake, Moshi, alikuwa akilikimbilia lori, risasi zikimfuata. Nyundo akasema maneno manne tu: "Naufunga mlango wa lori." Walinzi wakamchukua Moshi. Dada akasimama, akatoka. Kesho yake betri ikawekwa.

SAA TANO NA NUSU, KWA SAA YA NGOME

"Geti limevunjika," alisema Mwalimu. "Mlinzi mmoja chini. Nyundo, mkono unavuja damu."

"Uvuje. Cheche, shuka."

"Nashuka."

"Mtungi wako umetobolewa," alisema Mwalimu. "Gesi iliyobaki ni ya mlango mmoja."

"Mmoja unatosha," alisema Nyundo. "Tumekuja kwa mmoja."

Tairi alikuwa anatafuna kijiti. Alimtupia Cheche jicho, akalirudisha kwenye lori lake la bati lenye miguu sita.

SAA SITA KASORO DAKIKA TANO

"Ngazi zimeisha," alisema Mwalimu, sauti imeshuka kama anasimulia watoto kabla ya kulala. "Milango miwili. Kushoto chuma kinanguruma, jini limo. Kulia ni mahabusu. King'ora cha zamu kinalia, moto wako hautasikika. Unafanya nini?"

"Nachoma mlango wa kulia."

Kijiti cha Tairi kikasimama.

"Kakosea," alisema Nyundo. "Anamaanisha kushoto."

"Nimesema kulia, shemeji."

"Usiniite shemeji. Mimi na ukoo wenu tumemalizana."

"Basi nimesema kulia, mwenye gereji."

"Kilichosemwa kimetendwa," alisema Mwalimu. "Unahitaji kumi na tano kwenda juu."

Dadu la nyuso ishirini likabingirika kati ya minara, likagonga plagi, likatulia. Kumi na saba.

"Mlango umeanguka. Moshi yumo. Amekonda, lakini anatembea."

Chini ya meza, kidole gumba cha Cheche kiliandika kwenye simu neno moja: *Njoo.*

SAA SITA KAMILI

Nyundo hakupiga kelele. Aliweka bisibisi chini polepole.

"Nampiga risasi."

"Nani?" aliuliza Mwalimu.

"Moshi. Kabla hajafika kwenye lori."

"Bosi," alisema Tairi, "huyo mwenzetu."

"Alikuwa. Kama alivyokuwa mke wangu."

"Nasimama mbele yake," alisema Cheche.

Mwalimu akamgeukia. "Umesema?"

"Nimesema."

Nyundo akarusha. Kumi na tisa. Mwalimu akaivuta karatasi ya Cheche, akaipasua katikati, kisha katikati tena. Miaka mitatu ya makovu, silaha na majina ya maadui ikawa vipande vinne. Cheche hakuwa na kiti tena.

"Tairi, funga mlango," alisema Nyundo.

Tairi akakitoa kijiti mdomoni.

"Moshi kapanda. Naondoka."

"Mimi bado niko getini."

"Nimekuona kwenye kioo."

Lori la bati likasukumwa nje ya ukuta. Mwalimu akapanga walinzi wa nati kulizunguka geti, mmoja mmoja, hadi Nyundo akawa katikati yao hana pa kupenyea.

"Mikono juu, Nyundo. Umefungwa."

Hodi ikapigwa. Cheche akaenda kufungua komeo. Dada yake alisimama pale, mkoba begani, akaitazama meza, kisha vipande vya karatasi.

"Moshi yuko nje," Cheche alimwambia. "Kaa."

Cheche akaikumbatia ile betri, akaitua sakafuni kwa kishindo.

Nyundo alikuwa ameinuka, macho kwa Cheche. "Meza ina sheria zake. Gereji ina mwenyewe, na funguo hizi hapa. Umeniuza. Niombe radhi mbele yao, mchezo uendelee, na nyote mtakaa. La sivyo, mbebe makopo yenu mtoke."

Nje ya hapo hakuna aliyekuwa na chumba cha kulitosha jiji lile.

"Mdogo wangu," dada alisema kwa sauti ya chini, "sema tu, yaishe."

Cheche akashika ubao kwa pembe mbili, akaunyanyua kidogo. Minara ikatetemeka. Tairi akaenda kushika upande wa pili.

"Fungua mlango vizuri, dada," alisema Cheche. Kisha akamtazama Nyundo usoni. "Siombi radhi, shemeji. Leo siombi, na ukinifuata kwangu siombi."