Nakala ya Kabatini

Mke alifungua kabati atafute shuka, akakutana na harufu ya marashi ya waridi. Hakuwahi kununua marashi yale, wala hakuwahi kununuliwa. Yalikuwa yanatoka kwenye diski ya mumewe.

Mumewe alikuwa mtunza data wa kampuni ya bima, na ofisini walimbandika jina la Bwana Nakala, maana hata ukimuuliza saa alitazama ya mkononi, kisha akahakikisha na ya ukutani. Ni yeye aliyeandika mpango mzima wa namna kampuni itakavyorudisha kumbukumbu zake moto ukiwaka, maji yakiingia au mwizi akivunja. Mpango ulitaka nakala moja ilale mbali na ofisi, bila kuunganishwa na mtandao wowote. Hiyo ndiyo diski aliyoileta nyumbani kila Ijumaa, akiibeba kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba mayai.

"Mimi huniulizi hata nimeshindaje," mke alimwambia, "ila hicho kidude unakiviringishia kitambaa kisipate baridi."

"Ni kazi, mke wangu. Humo kuna kampuni nzima. Hata picha zetu za harusi nimezitia humo."

Mke alisikia "kazi" tu, akasonya. Alikuwa fundi cherehani, mshono uliolegea haukumpita, na ndoa yake aliiona inalegea. Mume alianza kumtilia sukari kwenye chai, wakati mke hajawahi kuitumia tangu waoane. Kisha akasahau jina la mama mkwe. Kisha, mchana kweupe, akasimama mlangoni kwake mwenyewe na kupiga hodi kwa adabu, na alipofunguliwa akasema samahani, amekosea nyumba.

Mwanamke mwingine, mke akajiambia. Mtu hasahau hivihivi. Wivu ukampanda, na mume alipokwenda kuoga akaitoa ile diski kabatini, akaitumbukiza kwenye beseni la maji ya sabuni, akaikandamiza kama anayeloweka soksi mpaka marashi yakakoma. Siku hiyo alikula akashiba.

Jumatatu msaidizi wa mumewe, binti mmoja mpole, alikuja mbio kumwita.

"Kumbe ni wewe," mke akasema.

"Si mimi, dada. Twende ofisini, nitakueleza njiani." Aliongea kwa kunong'ona ingawa barabarani hapakuwa na wa kuwasikiliza. "Jina lako linafutika. Lilianza kufutika kwenye orodha ya familia za wafanyakazi, nikalirudisha kutoka kwenye nakala, likafutika tena herufi moja moja huku natazama, na nakala zote zilizo kwenye mtandao zikafutika hivyohivyo, na chumba kikajaa waridi, na nyuma ya mashine, pale ambapo hata paka hapenyi, nikasikia mwanamke anacheka kwa raha zake."

Chumba cha seva kilikuwa cha baridi. Mume aliketi sakafuni, shavu lake kwenye mashine, anatabasamu. Meneja alikuwa ameshamwita mganga kimyakimya, mama mfupi mwenye sauti ya chini.

"Ni jini mahaba," mganga alisema. "Amempenda huyu bwana na hataki mwenzake. Popote bwana alipokuweka, anakufuta. Akikufuta huku, unafutika na kichwani mwake."

"Mtoe, mama. Nirudishie mume wangu."

"Kumtoa naweza. Wewe kukurudisha, nataka kitu chenye wewe ndani ambacho hakukifuta, nikisomee."

Msaidizi akapumua. "Ipo diski ya nyumbani. Haijaunganishwa na chochote, hakuweza kuifuta."

Mke alitazama viganja vyake. "Nimeiloweka," alisema. "Ilikuwa inanukia marashi."

Mganga alimtazama kwa huruma. "Kuifuta hakuweza. Akaitia marashi, wewe ukamfanyia kazi."

Hata hivyo alianza kusoma, kwanza taratibu, kisha kwa sauti iliyopanda, na taa za mashine zikapepesa zote pamoja, na waridi likawa zito hadi koo zikawawasha, na kitu kikapita katikati yao, cha moto ndani ya ile baridi, kikimgusa mke begani kwa makusudi, kwa dharau, kama mke mwenza anayepishana nawe ukumbini, na kicheko kikaenda kikipungua ukutani mpaka ikabaki milio ya feni.

Harufu ikaisha. Meneja akamshukuru mganga mara nyingi.

Mke alipiga magoti mbele ya mumewe, akamshika mkono. Mume aliutoa mkono wake polepole, bila ukali, kama mtu anavyofanya akishikwa na asiyemjua. Macho yake yalizunguka chumba chote, yakajaa machozi.

"Samahani, dada," alinong'ona. "Mke wangu alikuwa hapa sasa hivi, ananukia waridi. Umemwona alikoelekea?"