Daraja Lililozidiwa

Kila asubuhi kabla ya kengele, Adeke alifungua chumba cha kompyuta, akapangusa meza, kisha akatazama taa ndogo ukutani. Alikuwa kiongozi wa klabu ya kompyuta, na ufunguo wa chumba hicho aliuringia kuliko viatu vipya. Taa ikiwa ya kijani, daraja lilikuwa zima. Halikuwa daraja la mbao wala la mawe. Vilikuwa visanduku viwili vyeupe, kimoja juu ya mlingoti wa shule hapa Masinya, karibu na mpaka wa Kenya, kingine kule Buhehe mtandao ulikotoka, vikirushiana mtandao hewani.

Alhamisi hiyo Mwalimu Obbo hakuwa na raha. Majina ya watahiniwa thelathini na wanane yalitakiwa kutumwa kwa mtandao kabla ya saa sita mchana. Ambaye jina lake lingechelewa, asingefanya mtihani. Adeke alikuwa mmoja wao.

Saa nne taa ikawa nyekundu.

"Tena!" Mwalimu Obbo alifoka. "Jana ilikuwa inafanya kazi vizuri!"

Fundi Benedeta, aliyeitwa kutoka Busia mjini, alizima mtambo akauwasha. Majina sita yakapita. Baada ya dakika tano, nyekundu. Akarudia. Yakapita manne, nyekundu tena.

"Ajabu," alisema. "Mtu moja anapita vizuri. Wakikuja wengi, inaanguka. Mko na kompyuta ngapi?"

"Nane tu, fundi," Mwalimu alijibu.

"Nane haiwezi kuizidi. Basi ni kile kisanduku cha juu. Nakwenda kukitoa."

"Na utakirudisha lini?"

"Labda saa nane."

Mwalimu Obbo alikaa chini kwa kishindo. Adeke peke yake alijua sababu.

Mwezi uliopita, Mama Taaka, jirani yao anayeuza chapati kando ya ua wa shule, alimlalamikia. Wateja wake wa siku ya soko hutoka upande wa Kenya, na laini zao za simu hazishiki huku. Adeke alimwonea huruma, akamnong'oneza neno la siri la mtandao wa shule. Mama Taaka naye si mchoyo. Kila aliyenunua chapati alipewa neno hilo pamoja na chai.

Adeke alichungulia dirishani. Ilikuwa siku ya soko, na kando ya ua walijaa watu walioinamia simu. Juu ya mlingoti, Benedeta alikuwa tayari ameshika bisibisi. Adeke akisema, atanyang'anywa ufunguo. Akinyamaza, wenzake wengi watakosa mtihani. Aliogopa mno, lakini miguu yake ilikwisha kutoka mbio.

"Fundi, usifungue!" alipiga kelele. "Kisanduku ni kizima! Mimi ndiye niliyetoa neno la siri!"

Benedeta aliteremka. Alifungua orodha kwenye kompyuta yake, akaguna. Simu mia moja na kumi na mbili zilikuwa juu ya daraja hilo dogo! Akabadilisha neno la siri. Nje wateja wakaanza kunung'unika, na ndani taa ikawa ya kijani, ikabaki hivyo. Jina la mwisho lilipita zikiwa zimesalia dakika saba.

Mwalimu Obbo alinyoosha mkono. Adeke akampa ufunguo huku machozi yakimtoka.

Papo hapo Mama Taaka akaita dirishani, "Adeke mwanangu, imekataa! Nipe lile neno jipya."

Chumba kizima kilimtazama Adeke.

"Sina ruhusa, mama," alijibu. "Ingia umwombe Mwalimu."

Mwalimu Obbo aliutazama ule ufunguo, kisha akaurudisha kiganjani mwa Adeke.

"Kumhurumia jirani si kosa," alisema. "Ulikosea kugawa kitu cha shule bila kuuliza, na ukakosea zaidi kunyamaza wakati fundi anatafuta ubovu ambao haupo. Siku nyingine ukikosea, sema mapema. Leo tumebakiwa na dakika saba tu."