Mshenga wa Kaboni

Jambo la mwisho la kawaida lilikuwa mzaha wa mama mkwe.

Nassoro alikuwa katika maabara yake ndogo nyuma ya nyumba, huko Kwai, akijiandaa kutengeneza harufu ya mdalasini ya kutia kwenye sabuni. Shamsa, bintiye, aliuliza ile chupa ya kemikali ya fosfonati ni ya nini.

"Huyo mshenga," alisema Nassoro. "Kaboni hii imeshika oksijeni kwa mikono miwili. Yeye anaiondoa oksijeni, kaboni ipate kumshika mwenzake."

Bi Mwanahamisi, mama mkwe wake, akacheka mlangoni. "Mshenga gani asiyengoja hata wali? Twende, mjukuu wangu."

Walipoondoka, ukungu wa alasiri ukashuka. Nassoro akasikia harufu ya mdalasini. Chupa zote zilikuwa zimefungwa. Alikuwa hajachanganya chochote. Hiyo ilikuwa harufu ya khanga za mkewe, Mwanamisi, aliyezikwa mwezi wa Shaabani.

Nje, sauti ya Mwanamisi ikabisha hodi.

"Karibu," akajibu, kabla akili haijamzuia.

Hakuingia mtu. Harufu ilimpita begani ikielekea nyumbani, naye akaifuata mbio ndani ya ukungu, akisikia mbele yake pumzi kavu inayovutwa, ikivutwa tu bila kutolewa, mpaka akafika chumbani na kumkuta Shamsa mkekani, midomo imegeuka rangi ya majivu, kifua kikipanda na kushuka bila kupata kitu.

Akamshika kwa mikono yote miwili. Mtoto akazidi kukauka.

"Umemkaribisha nani, Baba Shamsa?" Bi Mwanahamisi alinong'ona kando ya mkeka.

"Mwanamisi, mama."

"Mwanangu nilimwosha mwenyewe. Huyo si yeye. Huyo ni jini, amekupenda wewe."

Nassoro akaitazama mikono yake, na kile ilichokishika. Akaelewa: kama ile oksijeni, aliyeshikwa ndiye anayeondolewa. Akamwachia taratibu, kidole baada ya kidole, na Shamsa akavuta pumzi ndefu, akalia.

"Mpeleke Soni, mama. Akae kwako."

"Mpaka lini?"

Nassoro akarudi nyuma hatua moja, mbali na mkeka. Nyuma ya shingo yake, kitu kilikuwa kimeanza kupumua.

Asubuhi iliyofuata aliwasindikiza hadi barabarani, akiwa nyuma yao hatua kadhaa. Bi Mwanahamisi ndiye aliyempandisha mtoto garini. Shamsa akanyoosha mikono dirishani, akamwita baba yake. Nassoro akamtazama mpaka gari likaondoka, mikono yake ikiwa mifukoni.