Mimba ya Nne ya Lalao

"Haiwezekani, daktari. Mimi nilishafunga kizazi."

"Hukufunga, mama."

Lalao alicheka, akidhani anataniwa. Daktari hakucheka. Ndiye aliyemzalisha Lalao binti yake wa tatu kwa upasuaji, kizazi kilipochanika, akaonya kwamba mimba nyingine itamuua.

"Si nilikuomba mwenyewe?"

"Uliomba. Ulipolala kwa dawa, mumeo akaniambia mmebadili mawazo. Hapa anasikilizwa mume."

"Basi itoe."

"Sheria ya Madagaska hairuhusu. Nitaenda jela."

Nje, Lalao alimpigia simu mumewe, Tojo.

"Tojo, kila siku unaniambia tulia, umeshafungwa kizazi. Kumbe!"

Tojo akajibu bila haya hata kidogo:

"Una mimba? Safari hii atakuwa wa kiume!"

Lalao akakata simu. Siku hiyohiyo aliwachukua wanawe, akarudi kwa wazazi wake Antsirabe. Kule mke akikosewa huondoka hivyo, mume humfuata na kuomba radhi mbele ya wazazi, na mke hurudi. Tojo alilijua hilo vizuri, ndiyo maana alijiamini. Akatuma ujumbe: "Nakuja Jumapili mpenzi. Mwambie mama apike."

Alikuja na mjomba wake, suti imenyooka, kinywa kimejaa asali.

"Baba mkwe, nimekosa. Ni mapenzi tu. Siku ya harusi si mlituombea wana saba na mabinti saba?"

"Tuliwaombea," baba akakubali. "Binti yangu, ameomba radhi. Rudini nyumbani."

"Asubiri kwanza," Lalao akasema. "Tojo, mwambie baba. Daktari alikwambia nini nikibeba tena?"

Tojo akatazama viatu vyake.

"Sema!"

"Alisema... anaweza kufa."

"Na ulijua hivyo ulipomzuia daktari asimfunge?" baba akauliza.

"Nilijua, baba. Lakini Mungu yupo."

Lalao alimtazama yule mwanamume aliyempenda tangu shuleni. Akamgeukia baba yake.

"Baba, nikifa kwa mimba hii, msinipeleke kaburi la ukoo wa Tojo. Nizikeni kaburi la ukoo wetu, na bibi yangu."

Mjomba aliruka kitini. "Mke wetu, usiseme hivyo! Mke huzikwa kwa ukoo wa mumewe; huko ni kuvunja ndoa!"

"Umesikia vizuri, mjomba."

"Lalao, nakupenda!" Tojo akalia.

Baba akasimama, akamfungulia mlango.

"Nenda, Tojo. Mahali pake kaburini tutamtengea sisi."