Ng'ombe Waliokunywa Maji ya Bahari

Kila Jumatatu, tukishafagia uwanja na kumwagilia miche, sisi wa darasa la sita hapa Chanika, mjini Handeni, huanza na kipindi cha jiografia. Mimi Hamisa sikipendi hata kidogo. Lakini Jumatatu ile Mwalimu Emiliana aliingia akitabasamu, nikajua leo kuna jambo.

"Kutakuwa na shindano Korogwe siku ya Ijumaa," alisema. "Kila shule itatoa mwanafunzi mmoja aeleze mahali pazuri pa kwenda likizo katika nchi yetu. Sharti ni moja tu: awe amepakanyaga kwa miguu yake mwenyewe. Darasa litakaloshinda litapelekwa Hifadhi ya Saadani siku mbili, likaone wanyama na bahari pamoja."

Weee! Tulipiga kelele mpaka wa darasa la saba wakachungulia dirishani.

Lukasi alijitokeza kwanza na Dar es Salaam yake, lakini akaeleza foleni ya magari tu. Mimi nilishafika Pangani kwa shangazi na bahari naijua, ila nikisimama mbele za watu sauti hunikauka. Ndipo akasimama rafiki yangu Naishorua, binti wa wafugaji wa Kwaluguru, anayeishi Chanika kwa mama yake mdogo ili asome. Msichana huyo anajua kusimulia! Akikusimulia fisi alivyokimbia, na wewe unatamani kukimbia.

"Mimi nimefika Pangani," alisema. "Kwa mjomba."

Nilishangaa. Mjomba gani huyo ambaye sijawahi kumsikia? Lakini darasa zima lilimpigia makofi, akachaguliwa, jina lake likaandikwa ubaoni.

Jumatano alifanya mazoezi mbele yetu. Alieleza mawimbi, minazi na upepo, nasi tukatulia tuli. Kisha akanogewa.

"Jioni mjomba aliwashusha ng'ombe ufukweni wakanywe maji. Maji ya bahari yana chumvi kama magadi, basi ng'ombe waliyapenda mno! Walikunywa wakashiba, wakanenepa, maziwa yakajaa vibuyu."

"Ng'ombe gani wanaokunywa bahari?" niliropoka. "Si wangeharisha wakafa!"

Darasa zima liliangua kicheko. Naishorua akainamisha kichwa.

"Naishorua," Mwalimu aliuliza taratibu, "umefika Pangani?"

"Sijafika, Mwalimu." Machozi yalikuwa yakimtoka. "Najua Kwaluguru na hapa tu. Kila mtu alitaja mji mkubwa, nikaona aibu. Nyumbani tukiwapa ng'ombe magadi huyagombania, kwa hiyo nikadhani na bahari wataipenda."

Mwalimu alifuta jina lake ubaoni. Hasira zilitupanda. Siku mbili zimebaki, hatuna msemaji, na Saadani ndiyo inatuponyoka hivyo! Lakini nilipomtazama rafiki yangu akikunja karatasi yake, roho iliniuma. Nikanyoosha mkono.

"Mwalimu, sharti ni mahali alipopakanyaga. Kwani Kwaluguru hajapakanyaga?"

"Ah, wewe nawe!" alisema Lukasi. "Nani aende likizo kuangalia ng'ombe?"

Mwalimu alifikiri kidogo. "Naishorua, kwanza waombe radhi wenzako. Halafu utuambie unachokijua kweli."

Aliomba radhi. Kisha akaanza kutusimulia nyika ya kwao, na kengele ya kwenda nyumbani ilipolia hakuna aliyeinuka.

Ijumaa saa tatu asubuhi tulikuwa Korogwe. Shule ya kwanza ilieleza Zanzibar, ya pili Mlima Kilimanjaro. Nikajiambia leo tumekwisha. Kijana wa shule ya tatu alieleza Ngorongoro kwa madoido makubwa, mpaka jaji akamuuliza, "Asubuhi pale juu ukingoni hali ya hewa ikoje?" Akajibu, "Joto kali, Mzee!" Watu wakacheka hadi wakashika mbavu, kwa maana baridi ya pale hung'ata. Jaji huyo, Mzee Simeo, alikuwa ameongoza watalii miaka thelathini.

Zamu yetu ikafika. Naishorua alimwendea Mzee Simeo akainama, kama watoto wa kwao wanavyowaamkia wakubwa, naye akamgusa kichwani.

"Mimi ninatoka Kwaluguru," alianza. "Hakuna hoteli. Mgeni atalala kwetu na atakunywa maziwa. Alfajiri ataamshwa na kanga. Tutatembea, nimwonyeshe digidigi, ambao mara nyingi huwa wawili wawili, na nyani wanaotutukana kutoka juu ya miti. Nitamfundisha kujua nani kapita, hata kama hatukumwona."

Mzee Simeo aliinuka. Alichuchumaa uwanjani, akachora mchangani kwa kidole: kisigino, vidole vinne, na mbele ya kila kidole alama ya ukucha.

"Huyu chui alipita kwetu juzi. Alikuwa anaelekea wapi?"

Naishorua alitazama. Akazunguka upande wa pili, akatazama tena.

"Shikamoo Babu, unisamehe," alisema. "Huyu si chui. Chui akitembea huficha kucha zake. Zikionekana hivi ni fisi au mbwa. Lakini kisigino hiki ni cha chui. Mnyama huyu hayupo, Babu. Umemtunga."

Ghafla Mzee Simeo alicheka, akampa mkono. "Marahaba, mjukuu wangu! Vijana wangu wawili wa kuongoza watalii niliwatega hivihivi, wote wakanasa. Kwaluguru nitakuja mwenyewe!"

Matokeo yaliposomwa tulikuwa wa kwanza. Tulimbeba Naishorua juu juu, tukazunguka uwanja mzima tukiimba. Hata Lukasi aliimba, tena kuliko wote!

Mwalimu Emiliana alitukusanya huku akijifuta jasho. "Wanangu, mmeona? Juzi swali moja dogo la Hamisa lilimwangusha Naishorua, kwa sababu alikuwa amesimama juu ya uongo. Leo mzee mzima amemtega, naye hakutikisika, kwa sababu alisema anachokijua. Njia ya mwongo ni fupi. Msidharau kwenu mkajivika ya wengine. Ukweli wako, hata ukiuona mdogo, ndio utakaokusimamisha mbele ya watu."

"Ndiyo, Mwalimu!" tuliitikia kwa nguvu zetu zote. Naishorua alikuwa akilia tena, safari hii kwa furaha, nami nikamshika mkono.