Picha Zilizokosa Wenyewe

Picha ilikuwa imelowa, na nyumba nzima haikuwa na tone la maji tangu asubuhi.

Shamima aliinusa. Chumvi na asumini. Pichani, mwanamke wa sari ya kijani alisimama chini ya tao la Lango la India, pale ufukweni, akimtabasamia mpiga picha kama wanaojuana. Na mpiga picha ni Yakub, mume wa Shamima.

Wapiga picha wa pale Langoni hupiga kwanza, wakachapa papo hapo, kisha wakamfuata mtalii mpaka alipe. Picha iliyokataliwa huichana wakaitupa baharini kabla ya kurudi kwao. Sura iliyokosa mwenyewe haiingizwi ndani ya nyumba. Lakini Shamima alikuwa na wivu uliomnyima usingizi. Alimnunia mumewe siku tatu, hata chai hakumpikia, mpaka akakubali kumletea picha zote azikague.

Sasa huyu wa kijani alitokea kila siku, na kila siku alikuwa amesogea karibu zaidi na kamera.

"Wallahi, mke wangu, nilijaribu kamera tu," Yakub alinong'ona. "Tao lilikuwa tupu."

"Tao tupu linavaa bangili?"

Yakub alimsihi zichanwe. Shamima akakataa, akazifungia sandukuni ziwe ushahidi mbele ya wakwe zake.

Kesho yake mchana, akiwa peke yake, alisikia bangili zikigongana chumbani. Akaenda. Hakuona mtu, ila sakafuni palikuwa na nyayo mbichi za miguu mitupu, zimetoka kwenye sanduku hadi upande wa kitanda anaolala Yakub. Mtu mwingine angekimbilia kwa shehe. Shamima alivaa shalwari yake nyekundu ya harusi akapanda teksi hadi Langoni, wivu ukiwa umemkaba hata hofu haikupata pa kukaa.

Alimkuta pale, ameegemea jiwe, sari ikichuruzika maji, watalii wakimpita bila kumwona.

"Nipige picha hapa hapa," Shamima alimwamuru mumewe. "Huyu malaya ajue mke ni nani."

Yakub hakuona mtu, lakini aliinua kamera, na Shamima akajibana bega kwa bega na yule mwanamke, akahisi baridi ikimpanda kutoka kwenye nyayo hadi kooni, na harufu ya asumini ikamjaa puani mpaka akashindwa kupumua, na mwanga ulipomulika, miguu yake haikutoka tena pale ilipokuwa.

Alijitazama. Sari ya kijani, imelowa.

"Yakub," aliita. Mumewe hakugeuka. Alikuwa akimpangusa jasho usoni mwanamke mwenye shalwari nyekundu, akimwomba wayamalize yale maneno, warudi nyumbani.

"Na zile picha za sandukuni?" Yakub aliuliza kwa woga.

"Zichane zote, mume wangu," mwanamke alisema, akimshika mkono. "Mimi sina wivu."