Kandambili Mlangoni

Kila jioni Mwantum alichota mchele wa watu wawili. Kisha alikumbuka, akarudisha nusu kwenye debe. Mdogo wake, Rukaya, alifariki mwaka uliopita, siku ya maulidi.

Wote wawili walikuwa wajane. Waliishi nyumba moja, si mbali na Kibiti, wakalima shamba moja la mpunga bondeni. Kwa kubishana walikuwa hodari, hata chumvi ya mchuzi iliwagombanisha. Sasa hakukuwa na wa kugombana naye. Nyumba ilikuwa kimya, na Mwantum aliuchukia ukimya huo.

Siku moja alisikia watu wakichimbia nguzo kiwanjani. Maulidi yalikuwa yamekaribia tena. Alijitanda kanga, akaenda. Mzee Mtoro, mkuu wa kamati, alikuwa akisimamia ua wa makuti wa upande wa wanawake.

"Mzee Mtoro, mlango ni huu mmoja tu?"

"Kama miaka yote, Bi Mwantum."

"Na ya mwaka jana mmeyasahau?"

Mzee Mtoro aliinamisha kichwa. "Ile ilikuwa kudra ya Mungu. Siku za Rukaya zilikuwa zimefika."

"Mungu hakujenga ua huu. Mnaujenga nyinyi!"

Watu wakaendelea kuchimbia nguzo. Alirudi peke yake, akalia njia nzima. Aliona wazi kwamba mwaka huu atakufa mtu mwingine.

Asubuhi yake Johari alipiga hodi. Johari alikuwa bibi maendeleo wa kata, na maneno ya kiwanjani yalikuwa yamemfikia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Nieleze ilivyokuwa siku ile. Kama unaweza."

Mwaka mzima hakuna aliyemwuliza hivyo. Watu walimpa pole, wakaondoka haraka.

"Maulidi yalikwisha," alisema Mwantum. "Sote tukaenda mlangoni, maana viatu tulivivua pale. Zamani kila mtu alivijua vyake. Siku hizi maduka yamejaa vitu, na kijiji kizima tumenunua kandambili zilezile za bluu. Rukaya akainama kutafuta zake. Wa nyuma hawakumwona. Wakamlalia."

"Walikuwa wakikimbia?"

"Hata! Kila mtu alisogea kidogo tu."

"Hapo ndipo penye hatari, mama. Aliye nyuma haoni ya mbele. Kila mmoja akisogea kidogo, aliye mbele anabanwa kifua, anakosa pumzi. Nipe ungo na kunde, nikuonyeshe."

Johari alijenga ua mdogo ndani ya ungo kwa vipande vya makuti na udongo. Aliacha upenyo mmoja. Akamwaga kunde ndani, akaweka kokoto kwenye upenyo.

"Kunde ni watu. Kokoto hizi ni wanaoinama kutafuta viatu."

Akainamisha ungo. Kunde zikaja pamoja, zikakwama. Mwantum alitazama kokoto moja iliyofunikwa na kunde, akageuza uso.

Johari akaziondoa kokoto, akafungua upenyo wa pili, mpana. Akainamisha tena. Kunde zote zikatoka.

"Lazima Mzee Mtoro ayaone mambo haya!" alisema Mwantum.

"Ataona. Lakini kunde hazina hofu wala hazibebi watoto. Lazima tujaribu na watu, taratibu, kabla ya siku yenyewe."

Ijumaa, baada ya sala, Johari aliwaomba wanakamati waingie uani na wanaume wengine. Viatu viliachwa mlangoni kama kawaida, na Mwantum alisimama nje akitazama. "Tembeeni polepole, msisukumane," alisema. "Nikisema simama, wote msimame."

Mzee Mtoro alikuwa mbele. Alifika mlangoni, akainama kutafuta kandambili zake. Wa nyuma wakasogea, hatua moja, mbili.

"Simama!" alisema Johari.

Mzee Mtoro aliinuka kwa shida. Jasho lilimtoka.

"Nilitaka kuinuka, nikashindwa," alisema. "Nao walikuwa wakitembea tu." Akamtafuta Mwantum kwa macho. "Bi Mwantum, nisamehe."

Siku hiyohiyo walikata mlango wa pili, mpana, wa kutokea tu. Walijaribu tena, wakatoka bila kugusana. Kamati ikatangaza kwamba kila mtu aje na mfuko wa nailoni, akae na viatu vyake, na avivalie mbali na mlango. Watatoka safu kwa safu. Na ua ukijaa, watakaochelewa wasikilize wakiwa nje.

Siku ya maulidi dufu lililia. Mwantum alikaa safu ya mwisho. Pembeni yake aliacha nafasi ya mtu mmoja, bila kujua kwa nini. Kisomo kilipokwisha, wanawake walitoka safu kwa safu, wakipiga soga. Hakuna aliyebanwa.

Mwantum alibaki hadi ua ukawa mtupu. Mwaka jana, watu walipokwisha kuondoka, jozi moja ya kandambili za bluu ilibaki mlangoni. Aliichukua, na mpaka leo iko chini ya kitanda chake.

Alikwenda mlangoni, akatazama chini. Palikuwa na mchanga mtupu.

"Umekosa kitu, mama?" aliuliza Johari.

"Hapana, mwanangu," alisema Mwantum, akifuta machozi. "Leo kila mtu amerudi kwao."